Kusafiri kwa Ndege Ukiwa na Ulemavu: Toa Taarifa Mapema, Dai kwa Wakati

Kiti mwendo ni miguu ya mwenye nacho. Hata hivyo, kikishakabidhiwa kwa shirika la ndege, sheria za usafirishaji hukihesabu kuwa mzigo, sawa na sanduku la nguo. Katika somo hili tunaeleza jinsi abiria mwenye ulemavu anavyoweza kulinda haki yake, kuanzia siku ya kukata tiketi hadi siku ya kudai fidia.

Haki yenyewe

Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 9 inahimiza usafiri unaofikika kwa watu wote. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Kwa hiyo, msaada unaopewa uwanjani ni haki yako. Usione haya kuuomba.

Eleza hitaji lako kwa usahihi

Kusema "nahitaji kiti mwendo" hakutoshi. Mashirika ya ndege hutumia alama tatu:

- WCHR: abiria anaweza kupanda ngazi, ila hawezi mwendo mrefu.
- WCHS: hawezi kupanda ngazi, lakini hutembea mwenyewe ndani ya ndege.
- WCHC: huhitaji kusaidiwa hadi kwenye kiti chake.

Alama ikikosewa, abiria wa kundi la tatu anaweza kufikishwa chini ya ngazi za ndege na kukuta hakuna lifti iliyoandaliwa. Hapo huishia kubebwa mikononi, jambo linalohatarisha mwili wake na kumvunjia heshima.

Abiria asiyeona na abiria kiziwi nao wana alama zao, BLND na DEAF. Kiziwi aombe kuarifiwa yeye mwenyewe lango au muda unapobadilika, kwa kuwa matangazo ya kipaza sauti hayamfikii.

Tunakushauri utoe taarifa unapokata tiketi, au angalau saa 48 kabla ya safari, na uombe uthibitisho wa maandishi. Ikiwa kiti mwendo ni cha umeme, taja uzito, vipimo na aina ya betri.

Kabla ya kukabidhi kiti mwendo

Kipige picha kila upande. Katika safari za kimataifa zinazosimamiwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ukomo wa fidia ya mizigo ni SDR 1,519 kwa abiria, yaani takriban dola 2,000 za Marekani. Kiti mwendo cha umeme huweza kuzidi thamani hiyo. Mkataba huo unakuruhusu kutoa tamko maalumu la thamani unapokikabidhi, kwa kulipa ada ya ziada ikitakiwa. Ukomo hupanda hadi kiasi ulichotamka.

Kikiharibika

Usiondoke uwanjani kabla ya kuandikiwa ripoti ya uharibifu. Kisha peleka malalamiko ya maandishi kwa shirika la ndege ndani ya siku 7 tangu ulipokipokea. Ukichelewa, unaweza kupoteza haki ya kudai. Muda wa kufungua shauri mahakamani ni miaka 2.

Usiporidhika na jibu la shirika, tuletee malalamiko yako pamoja na nakala za tiketi, picha, ripoti na barua zote mlizoandikiana.