SOMO LA 12: MATITI YANAYOKUA KWA NAMNA TOFAUTI

Ndugu msomaji, soma somo hili polepole. Ukikuta neno gumu, mwulize mwenzako darasani. Nanyi wanaume msiweke kitabu chini. Somo hili linawahusu pia.

Tuseme una binti wa miaka 10. Jioni moja anakufuata jikoni, anasema, "Mama, nina kitu kama jiwe hapa." Unampapasa. Kweli, chini ya chuchu ya kushoto pana kitu kigumu, kadiri ya kifungo cha shati. Ukikigusa anaumia. Upande wa kulia hakuna kitu. Utafanya nini?

Wengine hukimbilia wembe. Humchanja mtoto na kumpaka dawa nyeusi. Wengine hutaka kitu hicho kikatwe upesi, kwa kuogopa saratani. Ngoja kwanza! Katika umri huo, karibu kila mara hilo si jipu wala saratani. Hilo ni titi. Ndivyo titi linavyoanza: kitufe kigumu chini ya chuchu, na mara nyingi upande mmoja hutangulia. Upande wa pili hufuata baada ya miezi kadhaa.

Sasa fikiri juu ya wembe. Kitufe hicho ndicho mbegu ya titi lote. Kikikatwa, hakuna mbegu nyingine. Binti huyo atakuwa mwanamke mwenye titi moja maisha yake yote, na mtoto wake atanyonya upande mmoja. Hata mpasuaji hodari akikikata, matokeo ni hayo hayo. Kwa hiyo mtu yeyote akitaka kukata kifua cha binti yako, mwulize: "Je, una hakika kwamba hili si titi lenyewe?" Una haki ya kuuliza, hata kama hukusoma.

MSTARI WA MAZIWA

Matiti hayaanzi wakati wa kuvunja ungo. Huanza tumboni mwa mama. Mimba ikiwa changa, ya wiki 6 hivi, mtoto huota mistari miwili ya ngozi nene. Kila mstari hutoka kwapani, hupita kifuani na tumboni, hufika kinenani. Mtazame nguruwe jike anaponyonyesha, au mbwa. Zile safu mbili za chuchu zimefuata mistari hiyo. Kwa binadamu sehemu kubwa ya mistari hufutika, zikabaki sehemu mbili tu za kifuani.

Mkulima wa Mbarali au Kilolo ataelewa upesi. Umepanda mbegu tatu za mahindi katika shimo moja. Zikiota unapunguzia, unaacha miche unayoitaka. Lakini safari nyingine mche mmoja husahaulika.

Chuchu ya ziada ni mche uliosahaulika. Hukaa chini ya titi, au tumboni, juu ya mstari ule ule. Wengi wanaiona kama baka au chunjua tu. Wanaume nao huzaliwa nayo. Haina madhara. Mama mwenye chuchu tatu ananyonyesha kama wengine, na wala hiyo si alama ya uchawi. Aliyekuambia hivyo mwonyeshe nguruwe wake.

Pengine kinachobaki ni nyama ya titi bila chuchu, hasa kwapani. Mwenyewe huenda asijue kwa miaka mingi. Kisha anajifungua. Siku ya tatu maziwa yanapojaa, kwapa nalo linavimba na kuuma. Usilikamue, wala usilichome kwa kitu cha moto. Weka kitambaa kilicholowa maji baridi, uendelee kumnyonyesha mtoto. Kwa kawaida uvimbe hupungua wenyewe. Lakini ukipata homa, au kwapa likiwa jekundu na la moto, nenda zahanati siku hiyo hiyo. Na hata usipopata homa, mwonyeshe mganga uvimbe wa kwapani mara moja, ahakikishe ni nyama ya titi na si ugonjwa mwingine.

Mara chache mche wote hung'oka. Titi la upande mmoja halioti kabisa, na pengine musuli wa kifua wa upande huo haupo. Vidole vya mkono wa upande huo huweza kuwa vifupi au vilivyoshikana. Mwaka 1841, huko London, mwanafunzi wa udaktari aliyeitwa Alfred Poland aliandika habari za mwili wa namna hiyo, na hali hiyo ikapewa jina lake. Mtu huzaliwa nayo. Hakurogwa, na mama yake hakukosea lolote.

Matiti kupishana kidogo ni jambo la kawaida kabisa. Chuchu iliyoingia ndani tangu utotoni pia si ugonjwa. Mtoto mchanga hanyonyi chuchu peke yake, hukamata titi kwa kinywa kilichojaa. Mwambie nesi mapema akusaidie kumweka vizuri. Ila tofautisha: chuchu iliyokuwa nje miaka yote, kisha ukubwani ikaanza kuvutwa ndani, hiyo ni dalili mbaya. Usingoje mavuno.

WAVULANA NA WATOTO WACHANGA

Nilisema wanaume wasiweke kitabu chini. Wavulana wengi wanaobalehe huota kitufe kama kile cha msichana. Wenzao huwacheka, wengine hata huacha kuoga mtoni. Mara nyingi hutoweka ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa mtu mzima mambo ni mengine: sababu huweza kuwa ugonjwa wa ini, pombe nyingi, au dawa anazomeza. Baadhi ya dawa za moyo zina tabia hiyo, na hata efavirenz, iliyotumika sana kwa wenye VVU. Mwambie mganga, lakini usiache dawa kwa uamuzi wako. Mwanaume naye hupata saratani ya titi, ingawa ni nadra.

Mtoto mchanga, wa kike au wa kiume, huweza kuvimba matiti na kutoa maziwa kidogo. Ni nguvu ya vichocheo vya mama yake iliyobaki mwilini. Bibi wengi huyakamua. Tafadhali bibi, usikamue. Kukamua huingiza vijidudu, huleta jipu, na jipu huweza kuharibu ile mbegu tuliyoisema.

MGANGA ATAFANYA NINI

Anza na zahanati ya kijiji. Ikibidi utapewa barua ya kwenda hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa, au ya Kanda pale Mbeya mjini. Nenda iwapo msichana ameota matiti kabla ya miaka 8, au amefika miaka 13 bila dalili yoyote, au titi moja linakua haraka kupita kiasi, au kuna damu inayotoka.

Kwanza atauliza maswali. Lilianza lini? Binti amevunja ungo? Anameza dawa gani? Kisha atatazama matiti yote mawili, mikono ikiwa chini na ikiwa juu. Atapapasa kwa vidole vilivyonyooka, hadi kwapani. Atakuambia ukaze mikono kiunoni, aone musuli wa kifua. Mvulana atapimwa na korodani, asishangae. Unaweza kuomba nesi wa kike awepo, au mama abaki na mwanawe.

Huenda ukapelekwa kwenye altrasaundi. Hupakwa mafuta ya baridi, kifaa hupitishwa juu ya ngozi, haiumi. Mtoto aliyeota matiti mapema mno hupimwa urefu, damu, na picha ya mifupa ya mkono. Kwa mtu mzima mwenye uvimbe, mganga huchukua nyama kidogo kwa sindano na kuipeleka maabara. Uliza majibu yatatoka siku gani, uandike tarehe hiyo mwenyewe katika daftari lako.

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini kitufe cha kwanza kifuani mwa msichana kisikatwe?
2. Kijijini kwetu watu wanasemaje juu ya chuchu ya tatu? Wazee waanze kueleza.
3. Andika maneno matatu utakayomwambia mkwe wako akitaka kumkamua mtoto mchanga.