Anza na Fimbo: Hatua za Kwanza Katika Silaha za Okinawa

Anayeingia kobudo, sanaa ya silaha za jadi za Okinawa, mara nyingi huvutiwa kwanza na nunchaku, kwa kuwa ndizo alizoziona kwenye filamu. Ushauri wangu ni huu: ziache kwanza, shika fimbo. Fimbo ndefu, ambayo Wajapani huiita bo, haimfichi mtu kosa lake. Bega likipanda, ncha nayo inapanda. Kiuno kikizubaa, pigo linafia njiani. Ukishaizoea, silaha nyingine hazitakuwa ngeni sana, kwa maana miguu na kiuno vinavyozibeba ni vilevile.

Kuchagua fimbo

Bo ya kawaida ina urefu wa shaku 6, yaani kama sentimita 182. Unene wake katikati ni karibu sentimita 3, na nyingi za Okinawa huchongwa zikawa nyembamba kidogo kuelekea ncha zote mbili. Japani hutumia sana mti wa mwaloni, mweupe au mwekundu. Ukimwagiza seremala, mwambie unataka mti mgumu ambao nyuzi zake zimenyooka kutoka ncha hadi ncha. Mahali nyuzi zinapokatikia ubavuni ndipo fimbo itakapovunjikia. Ilaze kwenye sakafu iliyo sawa, uibingirishe: ikirukaruka, imepinda. Usiipake vanishi, kwa sababu kiganja chenye jasho kitanata, na fimbo isiyoteleza mkononi haifai kujifunzia. Mtoto apewe fupi zaidi, ya kulingana na kimo chake.

Kupima nafasi

Shika fimbo kwenye ncha moja, nyoosha mkono, kisha zunguka polepole duara zima. Isipogusa ukuta, kiti wala mtu, hapo panafaa. Tazama na juu pia, kwani taa na feni huharibiwa na mapigo ya kushuka.

Mshiko

Igawe fimbo kwa macho katika sehemu 3 zilizo sawa, ushike kwenye mipaka yake: kiganja kimoja kielekee juu, kingine chini. Vidole viishike bila kuikaba. Kabla ya kupiga chochote, zoea kuitelezesha: mkono wa nyuma uende hadi karibu na ncha, urudi kwenye theluthi, kisha ubadili upande. Rudia mpaka mikono ifike mahali pake bila kutazamwa.

Pigo moja, lifanywe sawasawa

Anza na pigo la kushuka kutoka juu, likikomea usawa wa paji la uso. Piga hatua mbele, geuza kiuno, kisha acha mikono ifuate. Mkono wa mbele ndio unaoelekeza. Mkono wa nyuma unavuta mkia wa fimbo hadi nyongani, na hapo ndipo kasi inapotoka. Wengi husukuma kwa mkono wa mbele peke yake, wakachoka mabega ndani ya dakika chache.

Mkono wa mbele ukaze mwishoni tu, ukianza na kidole kidogo na cha pete. Sasa itazame ncha. Ikisimama tuli, mguu, kiuno na mikono vimefika pamoja. Ikitikisika, umekaza kwa kuchelewa au umepiga kwa mikono peke yake. Bandika kipande cha utepe ukutani usawa wa paji lako, ukipige bila kukigusa, ncha ikikoma upana wa kiganja kabla yake. Fanya mara 10 kwa kila upande polepole, kisha 10 kwa mwendo wa kati, halafu 5 kwa kasi. Utepe ukiguswa, rudi kwenye mwendo wa chini.

Pigo hili likitulia, ongeza la ubavuni, kuchoma mbele, na kuzuia juu na chini.

Kata na mwenzako

Kata ni mfuatano wa mienendo uliopangwa, ambao mtu huufanya peke yake. Shushi no Kon ni miongoni mwa kata za fimbo zinazofundishwa mapema. Sakugawa no Kon huja baadaye. Kata nyingi za silaha zimetufikia kwa sababu watu kama Taira Shinken (1897–1970) walizikusanya na kuzifundisha wakati ambapo wengi walikuwa wakifuata karate tu. Basi usizibadili kwa kutaka kupendeza. Jifunze kwa mwalimu anayekuona, kwani video haiwezi kukuambia kwamba kisigino chako kimeinuka.

Mazoezi ya wawili yaanze polepole. Lengeni fimbo ya mwenzenu, msilenge vidole. Kubalianeni neno moja la kusimamisha kila kitu, na kila mmoja akague mti wake kabla ya kuanza.

Silaha ya pili

Subiri mpaka uweze kufanya kata nzima bila kuwaza mikono. Eku, kasia la wavuvi, inafuata vizuri: inashikwa karibu kama fimbo, ila bapa lake lina uzito upande mmoja. Kata ya eku ya kisiwa cha Tsuken ina kitendo cha kumrushia adui mchanga usoni, jambo ambalo mtu wa pwani ataliona lina mantiki.

Ukitaka sai, fimbo fupi ya chuma yenye pembe mbili, ilaze kwenye kigasha: ncha ipite kiwiko kwa sentimita 2 au 3. Tonfa, rungu lenye mpini wa ubavuni, nayo ikifunike kiwiko. Sai hazikuwa zana za shambani kama hadithi maarufu inavyodai kuhusu silaha zote. Maofisa wa usalama wa ufalme wa Ryukyu walizitumia. Ni chuma, kwa hiyo zibebe ndani ya mfuko, na ujue sheria ya nchi yako inasemaje. Anayefuata mkondo wa Japani bara atakutana na bokken, upanga wa mbao, na jo, fimbo ya sentimita 128. Kwake pia miguu na kiuno ndivyo vinavyotangulia.

Utunzaji

Laza fimbo yako. Ukiiegemeza ukutani kwa miezi itapinda. Futa jasho, sugua vibanzi vinavyochomoza kwa msasa laini, kisha paka mafuta ya kitani kidogo na uyaache yakauke. Pitisha kiganja juu yake yote kila baada ya mazoezi. Ukisikia ufa, hata mdogo, iondoe kwenye mazoezi ya wawili siku hiyohiyo.