Muvi ya kutisha isiyopiga kelele: itazame hivi

Kuna muvi za kutisha ambazo hazina panga wala damu ya rangi. Zinakutisha kwa mlango uliofungwa, hatua za mtu darini, mama anayewatazama wanawe kwa jicho usilolielewa. Ukiitazama muvi ya aina hiyo kama ya ngumi, utasinzia. Ukiitazama inavyotakiwa, usiku huo utakwenda uani na tochi ya simu.

Anza na uchaguzi. Ukimwambia muuza muvi "niwekee za kutisha" tu, atakujazia flashi mizuka inayorukaruka kila dakika mbili. Mtajie jina. Kwa kuanzia chukua The Others ya mwaka 2001, ya Alejandro Amenábar. Mle ndani Nicole Kidman ana watoto wasioweza kuguswa na mwanga mkali, kwa hiyo mlango mmoja haufunguliwi mpaka mwingine ufungwe kwa ufunguo. Wewe uliyepanga chumba Kariakoo, mwenye kufuli la chumbani, la korido na la mlango mkubwa, utamwelewa haraka kuliko wengi.

Kisha sisitiza: isiyotafsiriwa. Najua hapa nitagombana na watu. Lufufu alijenga jina kwa kutafsiri muvi za nje kwa Kiswahili, akiigiza sauti za wote, na mabanda ya video yalijaa kwa ajili yake. Kwa muvi ya vita, raha tupu. Lakini mtafsiri kazi yake ni kusema, na muvi hizi zinatisha pale ambapo hakuna anayesema. Akikuambia "hapa mama ameanza kuhisi kitu", wewe hutahisi kitu.

Usisubiri mtaa ulale. Kariakoo ilianza rasmi biashara ya saa 24 mwaka 2025, na hata kabla ya hapo mikokoteni haikuwa na usiku. Vaa earphone, masikio yote mawili. Zima data, maana ujumbe mmoja wa kikundi cha harusi unatosha kuharibu kazi ya nusu saa. Zima taa. Feni iache, joto la Dar halina utani.

Tazama peke yako au na mtu mmoja mnyamavu. Yule wa "subiri, sasa hivi anakufa" mpe shughuli nyingine.

Dakika 20 za mwanzo usizirushe hata kama unaona hakuna kinachotokea. Ndipo unapoizoea nyumba: mlango uko wapi, kiti kimekaaje. Baadaye kiti kikihama kidogo, hakuna atakayekuonyesha. Utashtuka mwenyewe.

Zoeza jicho kuangalia nyuma ya mtu, sio usoni kwake. Fanyia mazoezi His House ya mwaka 2020, ya Remi Weekes. Bol na Rial, mume na mke waliokimbia vita Sudan Kusini, wanapewa nyumba Uingereza, na ndani ya kuta kuna kitu. Matundu ya ukutani yatakushughulisha, sawa. Ila mimi kilichonikaa ni meza ya chakula: Bol anataka wale kwa uma kama wenyeji, na Rial analalamika kwamba anasikia ladha ya chuma. Hakuna mzuka hapo. Kuna watu wawili wanaopotezana huku wakila, na hofu yote inayofuata inatoka hapo.

Za nyumbani usiziache. Mussa Banzi alitoa Nsyuka mwaka 2003 na Shumileta mwaka 2005, ile ya jini mwanamke. Hizo kanuni zake ni kinyume: sauti juu, watu wengi, kelele ruksa, kila mtu na kisa chake cha jini pembeni. Ukimya hazina, wala hazikuuahidi.

Mwisho, angalia Luku kabla hujabonyeza. Mimi uniti ziliniishia saa saba usiku, katikati ya The Others, Kidman akiwa na bunduki mkononi anasaka nani yuko ndani. Nilikaa gizani mpaka adhana ya alfajiri, nikisikiliza bomba la jirani likidondosha maji. Nunua kabisa za elfu tano.