Fundi wa Umeme Melini: Somo juu ya Kazi Isiyoonekana



Huenda mtu wa Gairo akiona jina la somo hili atauliza, "Sisi na meli tuna shirika gani?" Ni kweli, toka kwetu mpaka bahari ya Dar es Salaam ni mwendo wa zaidi ya kilometa 300, na wengi wetu tumezoea milima ya Ukaguru kuliko mawimbi. Walakini zamani meli moja kubwa ilipita katika mkoa wetu wa Morogoro, nayo haikupita majini bali juu ya reli. Ilikuwa imefunguliwa vipande vipande na kufungwa katika masanduku yapatayo 5,000.

Meli hiyo iliitwa Graf von Goetzen. Ilijengwa Papenburg katika Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa Dar es Salaam, ikachukuliwa kwa gari la moshi kupita Morogoro na Kilosa hata Kigoma, ikaundwa upya na kushushwa katika ziwa Tanganyika mwaka 1915. Mwezi wa Julai 1916, vita ilipowashinda Wajerumani huko, waliizamisha kwa mikono yao wenyewe isitwaliwe na adui. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka mashine zake mafuta mazito kila mahali, ili maji yasizile. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, waliona mashine zile zingali zafaa. Mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina jipya, Liemba.

Basi, ni nani aliyeyaona mafuta yale wakati yalipopakwa? Hapana mtu, ila mafundi wenyewe. Hata hivyo hayo ndiyo yaliyoiokoa meli. Liemba ya siku zile ilikwenda kwa nguvu za mvuke. Meli za siku hizi hutegemea umeme karibu katika kila jambo, na kazi ile ya kutunza yasiyoonekana imekuwa hasa kazi ya fundi wa umeme. Tujifunze habari zake.

1. Meli ni kama mji uliotengwa

Hapa nyumbani taa zikizimika jioni, twawasha kibatari na kungoja. Twajua ya kuwa kuna mafundi mahali fulani wanaoshughulika, na umeme utarudi toka mbali kwa nyaya. Lakini meli iliyo katikati ya bahari haina waya uiungao na nchi kavu. Yapasa ijizalie umeme wake yenyewe, usiku na mchana.

Umeme huo si wa taa tu. Pampu zinazopeleka mafuta na maji ya kupoza katika mashine kuu huzungushwa kwa umeme. Usukani huelekezwa kwa umeme. Vyombo vya kuonyesha njia, simu za upepo, feni, majokofu ya chakula, na pampu za kuzima moto, vyote vyahitaji nguvu hiyo. Kwa hiyo umeme ukikatika, meli yaweza kuwa kipofu, kiziwi na kiwete kwa mara moja.

2. Vyombo anavyovitunza

Kwanza ziko jenereta, kwa kawaida mbili au zaidi, ili moja ikishindwa nyingine ichukue mzigo. Toka hapo umeme huingia katika ubao mkubwa wa swichi, ambao ndio moyo wa kugawa nguvu. Swichi zake kubwa hujikata zenyewe zionapo hatari, kama mtu aondoavyo mkono wake motoni.

Tena iko jenereta ya dharura. Hii haiwekwi pamoja na zile nyingine. Huwekwa juu, nje ya chumba cha mashine, ili maji au moto ukiingia chini isiangamie pamoja nazo. Sheria ya mataifa juu ya usalama baharini yaagiza kwamba, ikiwa imewekwa ya kujiwasha yenyewe, ianze na kuchukua mzigo kabla ya sekunde 45 kupita. Katika meli ya abiria, nguvu ya dharura yapasa kutosha kwa saa 36. Katika meli ya mizigo, saa 18. Mwisho ziko betri, zishikazo taa chache na vyombo vya lazima katika ule muda mfupi wa giza.

3. Adui zake watatu

Adui wa kwanza ni chumvi. Watu wa Gairo hawahitaji kufundishwa sana jambo hili, maana twajua maji ya chumvi ya visima yafanyavyo bomba na ndoo. Baharini hata hewa yenyewe ina chumvi. Hupenya katika masanduku ya swichi na kula shaba polepole.

Adui wa pili ni mtetemo. Mashine hutetemesha meli nzima bila kupumzika, na skurubu iliyokazwa vema mwezi huu yaweza kulegea mwezi ujao. Waya uliolegea hupata moto, na moto melini ni msiba, kwa maana watu hawana pa kukimbilia.

Adui wa tatu ni unyevu pamoja na joto, ambao huharibu ngozi ya waya hata umeme ukavuja na kugusa chuma cha meli. Kwa ajili ya hatari hiyo mafundi wana hila nzuri ya taa tatu, moja kwa kila mstari wa umeme. Zote zikiwaka sawasawa, hali ni njema. Moja ikififia na mbili zile nyingine zikizidi kung'aa, fundi ajua ya kuwa mstari wa ile iliyofifia umegusa chuma mahali fulani. Meli haisimami kwa kosa hilo la kwanza, na hapo ndipo mtego ulipo. Mvivu atasema, "Mbona kila kitu chafanya kazi?" Mwaminifu atashika kipimo chake, atafunga njia moja baada ya nyingine, mpaka aone mahali palipovuja. Maana kosa la pili likitokea juu ya mstari mwingine, ndipo mambo huharibika. Wazee walisema kweli: Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tena kabla ya kugusa chombo chochote, yampasa akate umeme, aifunge swichi kwa kufuli, atundike kibao cha onyo, kisha apime kuhakikisha kwamba umeme hauko. Fundi hodari si yule asiyeogopa. Ni yule asiyeamini mpaka amepima.

4. Mifano miwili

Usiku wa tarehe 26 Machi 2024 meli ya mizigo iitwayo Dali, yenye urefu wa meta 300 hivi, ilitoka bandari ya Baltimore katika Marekani. Yapata saa saba na dakika 25 umeme wake ulikatika, na mashine kuu ikasimama. Umeme ulirudishwa, ukakatika tena. Dakika chache baadaye meli iligonga nguzo ya daraja la Francis Scott Key, na daraja likaanguka. Onyo la meli liliwawahi polisi, wakazuia magari yasipande. Lakini mafundi wanane wa barabara walikuwa juu ya daraja, na sita kati yao wakafa.

Wachunguzi wa serikali ya Marekani walitafuta chanzo cha kule kukatika kwa kwanza, na Novemba 2025 wakakitangaza. Katika maelfu ya nyaya, waya mmoja mdogo haukuingia sawasawa mahali pake, kwa sababu kibandiko cha jina lake kilivishwa vibaya kikauzuia. Wachunguzi walionyesha makosa mengine pia, kama vile pampu ya mafuta ya jenereta isiyoweza kujiwasha tena yenyewe. Lakini mwanzo wake ulikuwa waya ule ulioonekana kama umefungwa, kumbe haukufungwa.

Mfano wa pili ni wa meli Titanic. Iligonga jiwe la barafu usiku wa tarehe 14 Aprili 1912. Wahandisi na mafundi wa umeme walibaki kazini, na taa zikaendelea kuwaka karibu hata mwisho, zikazimika dakika chache tu kabla ya meli kuzama yapata saa nane na dakika 20 usiku. Kwa mwanga huo watu waliziona mashua na kushuka. Hakuna hata mmoja wa wahandisi wale aliyeokoka, wala fundi wa umeme.

5. Neno kwa vijana na wazazi

Kazi hii sasa ina cheo chake. Katika mapatano ya mataifa yaliyofanyika Manila mwaka 2010, ofisa wa umeme wa meli alipewa kanuni zake za mafunzo na cheti chake mwenyewe. Hapa kwetu, Chuo cha Bahari Dar es Salaam hufundisha kazi za meli. Kijana wa Gairo apendaye hesabu na elimu ya vitu vya asili, asijidharau kwa kuwa amezaliwa mlimani. Lakini ajichunguze kwanza: je, aweza kukaza skurubu asiyoitazama mtu kwa uangalifu ule ule kama msimamizi amesimama karibu? Asiyeweza hayo nyumbani hataanza kuyaweza baharini.

Maswali ya kujiuliza

1. Kwa nini jenereta ya dharura haiwekwi katika chumba cha mashine?
2. Taa moja kati ya zile tatu ikififia, fundi ajua nini, na kwa nini asingoje?
3. Mafuta yaliyopakwa mashine za Liemba na waya wa Dali hufanana kwa jambo gani, tena hutofautiana kwa jambo gani?
4. Katika kazi yako, ni kitu gani kidogo ambacho hapana mtu akitazamaye ila wewe?