Nambari Unazomwachia Mwizi

Saa kumi na mbili jioni, matatu zinapomwaga watu kando ya Waiyaki Way, mama mboga wa soko la Kangemi ana kazi mbili kwa wakati mmoja: kutia nyanya mfukoni na kuhakikisha kwamba amelipwa. Hiyo ya pili ndiyo humtia hasara. Mteja anainua simu, anasema, "Nimetuma, mama, ona," na kabla mama hajasoma mstari wa pili, mteja ameshapotelea kwenye umati. Ujumbe ule huenda ni wa mwezi uliopita, umebadilishwa tarehe na kiasi. Kuhariri maandishi kwenye simu hakuhitaji ufundi wowote.

Kanuni ya kwanza haina hesabu ndani yake. Ujumbe ulio kwenye simu ya mteja si malipo. Malipo ni yale yaliyoongeza salio lako, na salio unaliangalia mwenyewe, kwenye simu yako, kupitia *334# au programu ya M-Pesa. Lakini kuna jioni ambazo chaji imeisha, au simu ya biashara iko kwa kijana aliyekwenda kuleta mzigo. Jioni kama hizo, nambari ya muamala inaweza kukusaidia.

Kila ujumbe wa malipo ya M-Pesa huanza na nambari ya muamala yenye herufi na tarakimu 10. Wengi huidhani kuwa mchanganyiko usio na maana. Sivyo. Herufi ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi, na alama ya tatu ni siku. Chukua mfano ambao Safaricom yenyewe imeuchapisha kwa ajili ya waandishi wa programu: NLJ7RT61SV. N ni herufi ya 14 katika alfabeti ya Kiingereza. Jumlisha na 2005, unapata 2019. L ni ya 12, yaani Desemba. Kwa siku, tarehe 1 hadi 9 huandikwa kwa tarakimu, kisha A husimamia 10, B 11, na kuendelea hadi V, ambayo ni 31. J basi ni 19. Muamala ule ni wa tarehe 19 Desemba 2019, na ndivyo rekodi yake inavyosema.

Fungua ujumbe wako wa zamani ujaribu. Miamala ya mwaka 2024 inaanza na S, ya 2025 na T. Ile ya 2020 ilianza na O, herufi, si sifuri, na hilo limewasumbua wengi waliojaribu kunakili nambari hizo kwa mkono. Utaratibu ukibaki ulivyo, herufi zitaisha kwa Z mwaka 2031.

Kwa mwuzaji, faida yake ni hii: tapeli anayetumia ujumbe wa zamani hubadilisha tarehe na kiasi, mara nyingi akasahau herufi tatu za mwanzo. Kama leo ni mwezi wa sita, herufi ya pili inapaswa kuwa F. Ukiona C, huo ni ujumbe wa Machi. Usimpe mzigo. Lakini ushikilie upande wa pili wa mantiki hii, maana hapo ndipo watu huteleza. Herufi zisizolingana na siku ni sababu tosha ya kukataa. Herufi zinazolingana hazithibitishi chochote, kwa sababu anayeijua kanuni hii anaweza kuiiga. Ni chujio tu, na neno la mwisho linabaki kwa salio.

Sasa tuje kwenye PIN, ambako hesabu ina uzito zaidi.

PIN ya tarakimu nne ina nafasi 10,000, kuanzia 0000 hadi 9999. Mwizi aliyeokota simu yako ana majaribio matatu kabla akaunti haijafungwa. Kama PIN yako haina mpangilio, nafasi yake ya kufaulu ni 3 kati ya 10,000, yaani takriban 1 kati ya 3,333. Hiyo ni nzuri sana kwa kitu unachokikariri kwa sekunde moja. Tatizo ni kwamba wachache sana huzitumia nafasi zote hizo. Mwaka 2012 mchambuzi wa data Nick Berry alichunguza nywila milioni 3.4 za tarakimu nne zilizokuwa zimevuja mtandaoni. Karibu asilimia 11 zilikuwa 1234. Asilimia 6 zilikuwa 1111, na karibu 2 zilikuwa 0000. Zile hazikuwa PIN za M-Pesa, lakini vidole na uvivu ni vilevile popote. Mwizi mwenye simu kumi mkononi akijaribu hizo tatu peke yake, kwa viwango vile atafungua takriban mbili. Yeye hahitaji PIN yako wewe hasa. Anahitaji ya mtu yeyote.

Mwaka wa kuzaliwa ni mtego mwingine. Watu wazima wengi wamezaliwa kati ya 1950 na 2009. Hiyo ni miaka 60, na majaribio matatu kati ya 60 ni 1 kati ya 20. Na kama mwizi ameona kitambulisho chako? Tuseme umezaliwa tarehe 14 Machi 1988. Atajaribu 1403, 0314, 1988, 0388, 1488, 8803. Ni sita tu, na majaribio matatu yanamfikisha nusu ya njia. Wakazi wengi wa Kangemi huacha kitambulisho au huandika nambari zake kwenye daftari la lango kila wanapoingia kazini Westlands, Lavington au Loresho, na nambari ya simu juu yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawataka wanaokusanya taarifa hizo wachukue zile tu wanazozihitaji na wazilinde, lakini daftari lililo wazi juu ya meza ya mlinzi halijaisoma sheria hiyo. Kwa hiyo tarehe yako ya kuzaliwa ichukulie kuwa si siri tena.

Kuhusu anayekuchungulia kwa ajenti: hata asipoona mpangilio, akijua ni tarakimu zipi nne ulizobonyeza, zimebaki nafasi 24 tu. Ajabu ni kwamba PIN yenye tarakimu moja iliyorudiwa, mathalani 7 mara mbili, humwachia 36, kwa sababu hajui ni ipi iliyorudiwa. Usichangamke sana lakini; zikiwa tarakimu mbili tu, zinashuka hadi 14. Funika kwa kiganja, yatosha.

Njia bora ya kuchagua ni kutochagua. Andika 0 hadi 9 kwenye vipande kumi vya karatasi, vitie kikombeni, tikisa, toa kimoja, andika, kirudishe, kisha rudia hadi upate nne. Ikitoka 1234 au mwaka wa kuzaliwa, anza upya. Badilisha PIN kupitia *334#, kisha choma karatasi.

Lakini mwizi mwerevu hakisii. Ndani ya laini yako kuna ufunguo wa siri wa biti 128. Idadi ya funguo zinazowezekana ni nambari yenye tarakimu 39. Mtandao hutuma nambari ya nasibu kwa mawimbi ya redio, laini hukokotoa jibu kwa ufunguo ule, na ufunguo wenyewe hausafiri hewani kamwe. Hakuna kompyuta itakayoukisia. Kwa hiyo tapeli hujifanya wewe na kuomba laini mpya yenye nambari yako, iliyo na ufunguo mwingine kabisa. Hesabu haikushindwa; ilizungukwa.

Dalili ya wizi huo ni simu kupoteza mtandao ghafla mahali ambapo wenzako wana mtandao. Mjulishe mtoa huduma wako mara moja, usingoje kesho. Na kabla hayajakufika, piga *100*100# ili laini yako ya Safaricom isibadilishwe kupitia ajenti yeyote tu, na *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Weka pia PIN ya laini yenyewe kwenye mipangilio ya simu: mwizi akiihamishia laini kwenye simu nyingine, atakwama hapo. Hifadhi nyumbani ile kadi iliyokuja na laini, maana ndiyo yenye PUK, nambari ya kufungulia laini iliyojifunga, na PUK ikikosewa mara kumi laini hufa.

Safaricom imewaeleza wateja wake kwa miaka mingi kwamba simu yake hutoka 0722 000 000, na hakuna mhudumu wa kweli atakayekuuliza PIN. Ujumbe wa ulaghai utume 333, bila malipo. Ukituma pesa kwa nambari isiyo sahihi, tuma ujumbe wa muamala kwenda 456 mara moja, kabla hazijatolewa. Ukiibiwa, piga ripoti kituo cha polisi chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, ukiwa na nambari ya muamala, saa na kiasi. Hakikisha unapewa nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi, na uiandike kwenye karatasi, kwa kuwa mtoa huduma ataiuliza na huenda simu yenye rekodi ndiyo hiyo hiyo iliyoibiwa.