Arusi ya Kale: Tuige Nini?



Siku moja mtaitwa kwenye kamati ya arusi ya kijana wenu, au mtaombwa kuwa wasimamizi. Huenda maharusi wakawaletea picha za magauni yenye mikono mipana, mishumaa mingi na bwana arusi aliyevaa kama askari wa farasi. Watasema wanataka arusi ya mtindo wa Ulaya ya Zama za Kati, yaani kati ya mwaka 500 na 1500 hivi. Msiwacheke wala msiwakemee. Waulizeni tu: je, mnajua watu wa enzi hizo walifunga ndoa namna gani?

Mlangoni mwa kanisa

Huko Uingereza na Ufaransa, maharusi wengi walisimama kwanza nje, mlangoni mwa kanisa, mbele ya padre na majirani. Hapo waliulizwa kama wanakubaliana, wakaahidiana, na pete ikavishwa. Ndipo wakaingia ndani kwa Misa. Hata leo, ibada ya ndoa inamruhusu padre kuwapokea maharusi mlangoni. Mwombeni paroko; jambo hili halina gharama.

Kwa nini mlangoni? Kwa sababu hapo kila mtu aliona na kusikia. Shida kubwa ya siku hizo ilikuwa ndoa za siri. Kanisa lilifundisha kwamba ridhaa ya wawili ndiyo hufanya ndoa. Basi mwanamume aliweza kutoa ahadi faraghani, kisha akaikana, na mwanamke akabaki bila shahidi. Kwa hiyo, mwaka 1215, Mtaguso wa Nne wa Laterano uliagiza kila ndoa itangazwe kanisani mapema. Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento ukadai awepo padre na mashahidi wawili au watatu. Wasimamizi, mmesikia? Hamkuitwa kupamba picha. Mmeitwa kushuhudia.

Riziki ya mjane

Kulikuwa na jambo jingine. Katika Uingereza, mlangoni hapo hapo, bwana arusi alitaja sehemu ya mali ambayo mkewe angeitegemea akifiwa. Mara nyingi ilikuwa theluthi ya ardhi. Mwaka huo huo wa 1215, hati maarufu ya Magna Carta iliagiza mjane apewe haki yake bila kucheleweshwa, na aruhusiwe kukaa nyumbani kwa marehemu mumewe siku 40 huku sehemu yake ikitengwa.

Ni nani kati yetu ambaye hajasikia habari za mjane anayeondolewa shambani kabla udongo wa kaburi haujakauka? Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 kuhusu mali ya ndoa inakataza nyumba ya wanandoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila idhini ya wote wawili. Hiyo ni ngao njema. Lakini ngao haisaidii sana ikiwa mke hajui hati ya shamba iko wapi, wala imeandikwa jina la nani.

Na huku Ukambani?

Wazee wetu nao hawakupenda ndoa ya gizani. Kwa desturi ya Wakamba, bila mbuzi wa ntheo ndoa haihesabiki. Mbuzi hao hupelekwa kwa wazazi wa msichana, na jamaa za pande mbili huwa mashahidi.

Lakini wapo waliomaliza ntheo zamani, watoto wamekua, na bado hawajafika altareni kwa sababu wanangoja fedha za arusi kubwa. Ikiwa mnafahamu jirani wa namna hiyo, mwambieni hivi: Kanisa linahitaji ridhaa yao, padre au shemasi, na mashahidi wawili. Gauni jeupe halimo katika orodha. Desturi hiyo ilienea baada ya arusi ya Malkia Victoria wa Uingereza, mwaka 1840. Bibi arusi wa Zama za Kati alivaa nguo yake iliyo bora, ya rangi yoyote. Waende kwa katekista wiki hii.

Mapambo bila madeni

Kama maharusi bado wanatamani sura ya kale, hakuna haja ya kukodi vitu vya mbali. Wamunyu wako mafundi wa kuchonga mbao. Kina mama wanasuka viondo, na viondo hivyo vitabeba maua na mkate. Pangeni meza ndefu, watu wakae pamoja. Watu wa kale walikula mazao ya mashamba yao. Basi muthokoi na mbuzi vitafaa kabisa.

Ya kuzungumza nyumbani

1. Siku ya ndoa yetu tuliahidiana nini mbele ya watu? Kila mmoja aseme kwa maneno yake.

2. Hati za shamba na nyumba, akiba na madeni yetu viko wapi? Je, sote wawili tunajua?

3. Wale tuliowasimamia, tuliwatembelea lini mara ya mwisho?

Swali la pili lisiwe la kulaumiana. Zimeni redio, leteni hati mezani, msome pamoja. Mkimaliza, mtakuwa na la kuwaambia vijana watakapokuja na picha zao.