Bomba la Nyuma Halina Miujiza: Somo Kutoka Chini ya Magari ya Kimarekani

Juzi usiku chumbani kwetu tulikuwa tunaangalia Bullitt, filamu ya mwaka 1968, ile ambayo Ford Mustang na Dodge Charger zinafukuzana kwenye vilima vya San Francisco. Mngurumo ulipoanza, jamaa mmoja akatoa hukumu: "Siri yote iko kwenye ekzosi. Kata ile ya kiwandani, weka bomba nene nyuma, gari inaruka." Chumba kizima kikakubali. Mimi nikabisha, na ubishi ukaenda mpaka saa nane usiku. Kwa kuwa sikupewa nafasi ya kumaliza hoja hata moja, namalizia hapa.

Tuanze na magari yenyewe. Wamarekani wanayaita magari ya misuli: gari la kawaida la ukubwa wa kati, lakini limepachikwa injini kubwa ya V8. Wengi huanza kuhesabu na Pontiac GTO ya 1964, yenye injini ya inchi za ujazo 389, yaani kama lita 6.4. Yaliyobaki leo yana zaidi ya miaka 50, ekzosi zake za asili zimeoza, na wenye nayo wananunua mabomba mapya ya nyuma yaliyokunjwa tayari: ya Camaro mbali, ya Chevelle mbali, ya Mustang mbali. Swali langu ni moja tu. Mtu akilipia bomba hilo, amenunua nini hasa?

Moshi unatoka kwenye silinda, unapita bomba la mbele, unaingia kwenye silensa, halafu ndipo unafika bomba la nyuma. Hilo linapanda juu ya ekseli, linashuka na kutokea karibu na bampa. Kwenye V8 ya nguvu kila upande wa injini una njia yake, ndiyo maana unaona midomo miwili.

Sasa hesabu. Injini hii ni ya mipigo minne, kwa hiyo kila silinda inavuta hewa mara moja katika mizunguko miwili. Ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, lita 6.4 zinavutwa mara 2,500: lita 16,000 za hewa kwa dakika, kama silinda zinajaa kabisa. Gawa kwa mbili, kila njia inabeba 8,000, na joto likishaipanua hewa hiyo, kiasi kinazidi hapo. Ndugu zangu, huo si moshi wa jiko la mkaa.

Kipenyo kina kazi kweli, hapo jamaa hakukosea. Ukitoka bomba la inchi 2 kwenda inchi 2.5, eneo la ndani linaongezeka kwa kama asilimia 56. Na kwa moshi uleule katika urefu uleule, upotevu wa mgandamizo kwenye bomba lililonyooka unapungua kwa karibu kipeo cha 5 cha kipenyo. Piga 1.25 mara tano, unapata kama 3. Bomba jembamba linazuia mara tatu zaidi.

Lakini hesabu hiyo inahusu kipande kimoja cha njia. Kama bomba la mbele ni jembamba na silensa imeziba, kupanua kipande cha mwisho ni kuweka mlango mpana kwenye nyumba yenye korido ya kupita mtu mmoja. Tena, moshi ukifika nyuma umeshapoa. Tuseme umetoka na nyuzi 600 za Selsiasi ukafika na 300: ujazo wake umeshuka hadi kama theluthi mbili. Kwa hiyo bomba la nyuma kuwa jembamba kidogo kuliko la mbele si lazima liwe kosa la wahandisi wa zamani. Na wale wanaosema "injini inahitaji kubanwa kidogo" nao wamepotea. Injini haihitaji kubanwa. Inahitaji moshi uende kwa kasi, ili pigo moja lisaidie kuvuta linalofuata, na kazi hiyo hufanyika zaidi kule mbele karibu na vali, si huku mkiani.

Kitu cha kuangalia kwa makini kwenye bomba la nyuma ni kona. Kupanda juu ya ekseli si mchezo, zinahitajika kona kadhaa. Bomba likikunjwa bila kitu ndani, linabonyea kama mrija wa soda. Umelipia inchi 2.5, kwenye kona umebaki na 2. Mabomba mazuri hukunjwa huku kiini cha chuma kimeingizwa ndani, ili upana ubaki uleule mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo ukitaka kupima, usipime mdomoni. Pima kwenye kona.

Je, ekzosi inakula nguvu kiasi gani? Historia ina somo zuri. Zamani kampuni za Marekani zilitangaza nguvu za injini iliyopimwa juu ya stendi, bila ekzosi ya gari wala mizigo mingine ya kila siku. Kuanzia magari ya mwaka 1972 zikahamia kwenye kipimo cha injini ikiwa na vifaa vyake vyote. Chevrolet ya inchi za ujazo 454 ya 1971, ile inayoitwa LS5, ilitangazwa kwa namna zote mbili: nguvu za farasi 365 kwa kipimo cha zamani, 285 kwa kipimo kipya. Injini ileile! Ila tusidanganyane, zile 80 hazikumezwa na ekzosi peke yake. Kuna feni, jenereta na kichujio cha hewa. Anayekuambia bomba la nyuma litakurudishia zote 80 anakuuzia ndoto.

Na ule mngurumo? Chukua V8 ndogo ya Chevrolet. Inawaka kwa mpangilio wa 1-8-4-3-6-5-7-2. Namba witiri ziko kushoto, shufwa ziko kulia. Fuatilia kwa kidole: 8 na 4 zinawaka mfululizo upande wa kulia, kisha 5 na 7 mfululizo upande wa kushoto. Kila bomba linapokea mapigo yasiyolingana, na kudundadunda kule ndiko sikio linakopenda. Sauti inazaliwa kwenye injini. Bomba linaipitisha tu.

Sasa nifike pale nilipokatizwa usiku ule. Wapo wanaolikata bomba la nyuma lote, moshi ukaishia chini ya sakafu, ili sauti iwe kali. Magari haya hayana kifaa cha kusafisha moshi. Marekani ilianza kuvifunga kwa wingi kwenye magari ya mwaka 1975. Kwa hiyo moshi wake una kaboni monoksidi nyingi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshika hemoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Weka hapo sakafu ya miaka 50 yenye matundu ya kutu, na mpira wa buti uliokauka. Dereva ataanza na kichwa kuuma, atadhani ni uchovu, kisha atasinzia akiwa ameshika usukani.

Kutu nayo inaanzia ndani. Kuchoma lita moja ya petroli kunazaa karibu lita moja ya maji, na safari zikiwa fupi maji hayo yanatulia sehemu yenye baridi zaidi, yaani huku nyuma. Ndiyo sababu watu hulipa zaidi kupata chuma kilichopakwa alumini, au chuma cha pua.

Kwa hiyo jibu langu kwa jamaa ni hili. Bomba jipya la nyuma lina thamani, lakini kazi yake ya kwanza ni kuutoa moshi mpaka nje kabisa ya bodi. Ya pili ni kutoizuia injini. Sauti ni ya tatu. Kabla ya kununua, kagua bomba la mbele, kagua silensa, pima kona, halafu hakikisha ekseli ikirukaruka haitaligonga.

Jana nimemsomea rasimu hii. Kasikiliza mpaka mwisho, kanyamaza kidogo, halafu kaniuliza: "Mjomba wangu ana Corolla, ukiwa ndani inanuka moshi. Hiyo nayo?" Nikamwambia ampigie simu usiku uleule. Kapiga.